Baada ya elfu mbili ni ipi? Namna ya kusahihisha na kutunga mafumbo ya namba yenye majibu zaidi ya moja

Nafundisha tuisheni ya Hisabati barazani kwangu, Ngamiani, mjini Tanga. Ni watoto wa darasa la tano mpaka la saba, kuanzia saa kumi jioni. Jamvi moja, ubao mmoja uliokwisha kuchoka, na baiskeli zimeegemezwa ukutani nyingi mpaka mgeni akipita huuliza kama fundi yupo. Siku Coastal Union wakicheza Mkwakwani sifundishi. Mtoto akishasikia kelele za goli, huwezi tena kumrudisha kwenye sehemu na desimali.

Jioni moja niliwapa swali jepesi la kumalizia:

500, 1,000, 2,000, ___

Jibu langu lilikuwa 4,000, kwa kuwa kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Mtoto mmoja wa darasa la tano akaandika 5,000. Nikampiga kosa kwa kalamu nyekundu bila kumuuliza neno, nikafungua daftari lililofuata.

Asubuhi yake nimekaa nachagua mchele, naona bibi yake anaingia. Ni muuza vitumbua, mtaa wa pili. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa, akaulizia wazima, akaulizia wagonjwa, akalalamikia bei ya nazi. Hapo ndipo alipofungua fundo la kanga. Akaweka jamvini sarafu ya mia tano. Akaweka noti ya elfu moja, akainyoosha kwa kiganja. Akaweka ya elfu mbili.

"Mwalimu, baada ya hii ya simba, inakuja ipi?"

Nikanyamaza. Akatoa ya kifaru, elfu tano, akaipanga penye zamu yake.

"Mtoto huyu anarudisha chenji tangu hajaanza shule. Hiyo elfu nne yako, noti yake iko wapi?"

Nilicheka, lakini jioni nilipokaa peke yangu nikaandika pesa zetu tunazozitumia kwa mstari: 50, 100, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000, 10,000. Ukizitazama kwa makini, mwendo wake si wa kubahatisha. Mara mbili, mara mbili, mara mbili na nusu. Kisha tena mara mbili, mara mbili, mara mbili na nusu. Kisha mara mbili mpaka unafika kwenye msimbazi, noti ya elfu kumi. Nchi nyingi hupanga pesa zao kwa hatua hizohizo za moja, mbili, tano, kwa sababu zinarahisisha kurudisha chenji bila kubeba mzigo wa sarafu. Kwa hiyo mjukuu wa muuza vitumbua alikuwa na kanuni, tena kanuni inayotumika kila siku mbele ya macho yangu. Niliyekosea ni mimi, kwa kuuliza "inafuata ipi" kana kwamba kuna moja tu inayoweza kufuata.

Ninayoyaandika hapa ni ninavyofanya tangu siku ile. Yatamfaa mwalimu, mzazi anayesaidia kazi za nyumbani, na hata wale wazee wa kahawa wanaotegeana mafumbo ya namba mpaka kashata zinasahaulika kwenye sinia.

Uliza kanuni kabla ya kushika kalamu nyekundu

Swali la mfuatano kwangu lina mistari miwili ya jibu. Wa juu ni namba. Wa chini ni kanuni, kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Namba tupu haipati alama hata kama ndiyo niliyoifikiria mimi.

Kanuni naipima hivi. Lazima izae kila namba iliyotolewa, kuanzia ya kwanza, bila kuruka. Lazima isemeke kwa pumzi moja, na mwenzake aliyekaa pembeni aweze kuitumia bila kurudi kuuliza. Na lazima itoe namba mbili zaidi, si moja. Hilo la mwisho ndilo linalowanasa wabahatishaji, maana kubahatisha hatua moja ni rahisi.

Tuchukue mfano mmoja tuutafune vizuri:

2, 3, 5, ___

Mtoto wa kwanza aliandika 7. Kanuni yake: namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Baada ya 7 inakuja 11. Sawa.

Wa pili aliandika 8. Kanuni: jumlisha namba mbili za nyuma. 2 na 3 ni 5, 3 na 5 ni 8. Inayofuata 13. Huu ni mwendo wa Fibonacci, Mwitaliano wa Pisa aliyeuandika mwaka 1202 katika hesabu ya sungura wanaozaana. Sawa pia.

Wa tatu naye aliandika 8, nikadhani ameibia kwa wa pili, kwa kuwa walikaa bega kwa bega. Nikamuuliza kanuni. "Mwalimu, nimeongeza moja, nikaongeza mbili, sasa naongeza tatu." Na inayofuata? "Kumi na mbili." Mwenzake ana 13, yeye ana 12. Jibu moja, kanuni mbili, na zinaachana hatua ya pili tu. Ningesahihisha namba peke yake nisingejua kamwe kwamba watoto hawa wawili hawakufikiri kitu kimoja.

Wa nne, msichana asiyependa kusema, aliandika 9. Hapa mimi mwenyewe nilikwama. Alipojieleza alisema kila namba ipunguze moja: unapata 1, 2, 4, na hizo zinakwenda mara mbili. Kwa hiyo inakuja 8, irudishie moja yake, 9. Kisha 17.

Saba, nane kwa njia mbili, na tisa. Wote niliwapa alama.

Njia za kutafuta majibu mengine kabla hayajakushangaza

Mwalimu akitaka asiaibike barazani pake, aupitie mfuatano wake mwenyewe kwanza. Mimi napita kwa mpangilio huu, nikiwa na kikaratasi.

Naanza na tofauti: namba ya pili toa ya kwanza, ya tatu toa ya pili, naziandika chini kwa mstari. Kama tofauti hazilingani, natafuta tofauti za tofauti. Kisha natazama kuzidisha. Kisha naangalia kama namba moja inatokana na mbili za nyuma yake. Halafu najiuliza hizi ni namba za aina gani: shufwa, witiri, tasa, za mraba, au vigawo vya namba fulani. Hapo 3, 5, 7 tayari ina watu wawili ndani: mwenye witiri anasema 9, mwenye tasa anasema 11.

Bado kuna tarakimu zenyewe. Chukua 1, 2, 4, 8, 16. Wengi watasema 32. Lakini jaribu kanuni hii: ijumlishe namba na tarakimu zake. 1 na 1 ni 2. 2 na 2 ni 4. 4 na 4 ni 8. 8 na 8 ni 16. 16 na 1 na 6 ni 23. Halafu 28, halafu 38. Angalia ubaya wake: mtoto aliyeandika 23 utadhani alitaka kuandika 32 akageuza tarakimu. Usipouliza, humjui.

Mwisho natoka nje ya vitabu, kwenye maisha. Pesa tumeshaiona. Saa ni nyingine: ukiandika 10, 11, 12, mtoto akijibu 1, yuko kwenye saa, na baada ya saa kumi na mbili ni saa moja, jua linazama au linachomoza. Miezi pia: 31, 28, 31, inafuata 30. Jibu la namna hii wengine hulikataa wakisema si hisabati. Mimi nalikubali likishaelezwa, ila namwambia mtoto aandike neno "saa" au "miezi" mbele ya kanuni, ili msomaji ajue wanazungumzia nini.

Mwenye simu na bando anaweza kwenda kwenye kamusi kubwa ya mifuatano ya namba iliyo kwenye intaneti, inaitwa OEIS. Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, ikawekwa kwenye intaneti mwaka 1996, na sasa ina mifuatano zaidi ya 350,000. Andika namba zako ukizitenga kwa mkato, itakuletea orodha ya mifuatano iliyomo ndani yake yenye namba hizo. Maelezo yako kwa Kiingereza, lakini namba hazina lugha. Mimi huwa naitumia kabla ya kuandika ubaoni, na mara nyingi hunivunja moyo, kwa sababu fumbo nililoliona zuri lina majirani kibao.

Sinia, chapati na punje za mchele

Kuna watu wanaodhani dawa ni kuongeza namba: ukitoa tano badala ya tatu, utata umekwisha. Hao nawapa kazi ya sinia.

Weka sinia juu ya karatasi ya manila, zungushia penseli upate duara. Weka nukta moja kwenye mzingo. Duara bado ni kipande kimoja. Weka nukta ya pili, ziunganishe kwa mstari ulionyooka: vipande viwili. Ya tatu, kila nukta iunganishwe na kila nyenzake: vinne. Ya nne: vinane. Ya tano: kumi na sita. Hapa jamvi zima hupiga kelele "thelathini na mbili!" Waache wachore ya sita.

Mara ya kwanza nilipoifanya tulipata thelathini, na nilikuwa nimeshawaambia watoto watapata 31. Tukahesabu tena, kila kipande kikiwekewa punje moja ya mchele ili tusirudie. Thelathini. Kosa lilikuwa la mkono wangu: napenda unadhifu, nikazipanga nukta sita kwa nafasi sawasawa, na mistari mitatu mirefu ikakutana pale pale katikati. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, hebu moja uisogeze kidogo." Tukachora upya nukta moja ikiwa imesogea upande, na katikati pakafunguka kipembetatu kidogo hata punje haikuenea vizuri. Punje ya thelathini na moja.

Kwa hiyo ukifanya jaribio hili, nukta zikae ovyo ovyo, mistari mitatu isikutane mahali pamoja. Wanahisabati hulitaja tatizo hili kwa jina la Leo Moser. Nukta saba hutoa 57. Nukta kumi hutoa 256, ile mara-mbili-mara-mbili ikachungulia tena mlangoni kama mtu aliyesahau kofia.

Chapati nayo ina lake. Kabla ya kuikata ni kipande kimoja. Mkato mmoja, viwili. Mikato miwili inayokatana, vinne. Mkato wa tatu ukiupitisha katikati kama wanavyofanya wengi, utapata sita. Ukiusogeza kando ya katikati ukate mikato yote miwili ya mwanzo mahali tofauti, utapata saba. Wa nne ukate yote mitatu, kumi na moja. Basi 1, 2, 4 yenye jibu 7 unaweza kuila. Chapati iwe imepoa, ya moto inachanika.

Kijana aliyesema jibu ni namba yoyote

Kaka wa mwanafunzi wangu mmoja, wa kidato cha nne, alisimama siku moja nyuma ya ubao akasema, "Bi Mwalimu, mimi naweza kufanya jibu liwe lolote." Nikaandika 2, 4, 6, 8, nikamwambia haya, nipe 34.

Akafanya hivi. Namba ya nafasi izidishe kwa mbili, hiyo inakupa 2, 4, 6, 8 kama kawaida. Kisha ongeza kipande cha pembeni: nafasi toa moja, mara nafasi toa mbili, mara nafasi toa tatu, mara nafasi toa nne. Kwenye nafasi ya kwanza, "nafasi toa moja" ni sifuri, na sifuri hula kila kitu. Ya pili, sifuri tena. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Kipande kinalala kimya mpaka nafasi ya tano, kinaamka: 4 mara 3 mara 2 mara 1, yaani 24. Ukiongeza kwenye 10 unapata 34.

Unataka nyingine? Kipande hicho kizidishe kwa 81 kabla ya kukiongeza, itatoka 1954, mwaka ilipozaliwa TANU. Ukikubali kutumia sehemu, hakuna namba itakayokushinda. Njia za ukoo huu hubeba jina la mwanahisabati Lagrange, na zinatimiza masharti yangu yote: zinazaa kila namba, zinasemeka, zinatoa namba mbili zaidi na mia zaidi.

Nilikosa la kumjibu kwa siku mbili. Sasa ninalo. Ile 81 imetoka wapi? Ameanza na jibu alilolitaka, akarudi nyuma kukata kanuni iliyolienea, kama fundi anayeshona shati juu ya mtu. Kwa hiyo nimeongeza sharti: kanuni isiwe na namba iliyobebwa mkononi kwa ajili ya kufikisha jibu. Nikikuta kanuni mbili zote nzima, ile inayosemeka kwa maneno machache naipa alama zote, na ile ndefu naipa alama pia lakini namwambia mwenyewe kwamba ya mwenzake ni nzuri zaidi. Ndiyo, hapa ni hukumu yangu. Mwalimu mwingine anaweza kukata kwingine.

Mchezo wa dakika kumi

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa London, Peter Wason, alichapisha jaribio ambalo mimi nimeligeuza mchezo. Mwenye kanuni anatoa 2, 4, 6 na kusema hizi zinafuata kanuni yangu. Wachezaji wanamletea namba tatu tatu, yeye anajibu "ndiyo" au "hapana" tu, mpaka mtu awe tayari kuitaja kanuni.

Watoto huleta 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Wanatangaza: ongeza mbili! Hapana. Kanuni ni kwamba kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia, basi. Hata 1, 7, 500 ingepita. Watu wazima wa Wason waliteleza hapohapo wengi wao, kwa kuleta mifano wanayotarajia itakubaliwa. Wafundishe watoto kuleta tatu wanazotarajia zikataliwe: 6, 4, 2, au 1, 2, 50. "Hapana" moja hufundisha kuliko "ndiyo" kumi. Hapa bibi wa vitumbua aliwahi kutushinda sote, kwa kuanza moja kwa moja na 9, 3, 1.

Kutunga swali lisilogombanisha

Ukitaka jibu moja, taja kanuni ndani ya swali: "Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Jaza." Litakuwa rahisi mno kwa darasa la saba, lakini kwa la tano linatosha.

Kama hutaki kuitaja, weka pengo katikati badala ya mwishoni, uzibe pande zote mbili. 500, 1,000, 2,000, ___, 8,000 inamtoa mwenye noti. 500, 1,000, 2,000, ___, 10,000 inamkaribisha. Haifungi mlango kabisa, kijana wa kidato cha nne atapenya, ila ugomvi wa kawaida unakwisha.

Au ugeuze swali lote: "Tafuta namba mbili tofauti zinazoweza kufuata, na kanuni ya kila moja." Hili ndilo nalipenda zaidi, na ndilo linalochosha kusahihisha.

Kwa mtihani wa kuchagua herufi, ushauri wangu ni mwingine kabisa, na ninausema bila haya. Pale hakuna wa kukuuliza kanuni. Jaribu tofauti, jaribu kuzidisha, jaribu mbili za nyuma. Jibu la kwanza linalopatikana kwenye herufi zilizotolewa, weka kivuli, nenda mbele. Ubishi uje nao barazani.

Ukutani nimebandika manila yenye 1, 2, 3, ___ na kila atakayeleta jibu jipya lenye kanuni fupi anaandikwa. Ya 4 haina haja ya kuelezwa. Ya 5 ni kujumlisha mbili za nyuma. Ya 6 ina wenyewe wawili: mmoja kasema ni vigawo vya 18, inayofuata 9, mwingine kasema kuanzia ya tatu kila namba ni jumla ya zote zilizotangulia, inayofuata 12. Ya 7 aliileta mjukuu wa bibi: zidisha zote zilizotangulia, ongeza moja. Inayofuata yake ni 43. Mbele ya 8 pamebaki peupe tangu mfungo uliopita.